Samaki Mkubwa Ataka Maji Makubwa

Ukienda sokoni Dodoma mjini utakuta samaki wa namna nyingi. Kuna perege na kambare kutoka Mtera. Kuna dagaa wakavu kutoka Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Pengine utakuta na sangara wa Ziwa Victoria, amekatwa vipande. Sangara akikomaa sana aweza kupita kilo 100. Huyo hauzwi mzima kwa mama mmoja mwenye kikapu.

Sasa jiulize swali hili. Katika bwawa la Hombolo tunavua perege na kambare. Maji yapo, na chakula cha samaki kimo. Mbona hatumpati samaki mla samaki mwenye uzito wa kilo 100?

Wengine watasema ni bahati ya watu wa Mwanza. Si bahati. Ipo sababu, na ni vizuri kila mwananchi aifahamu. Sababu hiyo inahusu afya pia. Ukiielewa utajua samaki gani anamfaa mtoto wako. Tena utajua kwa nini sumu kidogo tu ikimwagwa bwawani yaweza kuleta madhara makubwa.

MNYORORO WA CHAKULA

Ndani ya maji viumbe hulana. Huyu humla yule, na yule humla mwingine. Wataalamu huita jambo hili mnyororo wa chakula. Kila kiumbe ni kama pete moja ya mnyororo, imeshikana na ya pili.

Pete ya kwanza ni mwani. Mwani ni mimea midogo sana. Ndiyo inayofanya maji ya bwawa yaonekane ya kijani. Mwani hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, kama mtama unavyofanya shambani.

Pete ya pili ni wale wanaokula mwani. Chota maji ya bwawa kwenye glasi safi. Yainue kwenye mwanga. Utaona vidudu vidogo vinavyorukaruka. Vidudu hivyo hula mwani. Perege naye hula mwani na mabaki ya mimea.

Pete ya tatu ni samaki wadogo wanaokula vidudu, kama dagaa. Pete ya nne ni samaki wanaokula samaki wenzao, kama sangara. Juu yao wapo ndege wala samaki, wapo mamba, na upo wewe mwenye ugali wako.

Tazama minyororo hii mitatu:

Mwani – perege – mtu.
Mwani – vidudu – dagaa – mtu.
Mwani – vidudu – dagaa – sangara – mtu.

Wa kwanza una pete tatu. Wa pili una pete nne. Wa tatu una pete tano. Kwa hiyo ipo minyororo mifupi na ipo mirefu.

KILA PETE INA HASARA

Tuchukue mfano wa nyumbani. Una madebe 10 ya mtama. Ukiusaga mtama huo na kupika ugali, jamaa yako itashiba kwa siku nyingi. Lakini ukiwapa kuku mtama wote, kisha ukala kuku hao, utashiba kwa siku chache tu. Mtama mwingine umekwenda wapi? Kuku ametembea, amepekua, amejitia joto usiku, na mwingine ameutoa kama kinyesi. Sehemu ndogo tu imegeuka nyama.

Ndivyo ilivyo majini. Kwa kukadiria, kiumbe anayekula mwenzake hubakiza mwilini karibu sehemu moja tu ya kumi ya alichokula. Hebu tufanye hesabu:

Kilo 1,000 za mwani hutoa kilo 100 za vidudu.
Kilo 100 za vidudu hutoa kilo 10 za dagaa.
Kilo 10 za dagaa hutoa kilo 1 ya sangara.

Kwa mwani ule ule, unaweza kupata kilo 10 za dagaa au kilo 1 ya sangara. Ndiyo maana samaki wakubwa wanaokula wenzao ni wachache kila mahali. Ndiyo maana pia katika Ziwa Victoria siku hizi dagaa huvuliwa kwa uzito mwingi kuliko sangara.

NINI HUREFUSHA MNYORORO?

Kwa sababu ya hasara hiyo, watu wengi walidhani kwamba urefu wa mnyororo unategemea wingi wa chakula cha chini. Walisema, ukiongeza rutuba majini, mwani utakuwa mwingi, na mnyororo utarefuka. Wazo hilo linaingia akilini. Lakini ilibidi lipimwe.

Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao. Walikuwa wamepima maziwa 25 ya Amerika ya Kaskazini, madogo na makubwa. Walichunguza nyama ya samaki wa juu kabisa katika kila ziwa. Ndani ya nyama mna kitu kiitwacho naitrojeni. Ipo naitrojeni nyepesi na ipo nzito. Kila pete ya mnyororo inapopanda, ile nzito huongezeka kidogo. Kwa hiyo ukiipima, unaweza kujua samaki huyo yuko pete ya ngapi, hata kama hukumwona akila.

Walipata nini? Maziwa yenye rutuba nyingi hayakuwa na minyororo mirefu kuliko yale yenye rutuba kidogo. Tofauti ililetwa na ukubwa wa ziwa. Ziwa likiwa kubwa, mnyororo ni mrefu. Likiwa dogo, mnyororo ni mfupi.

Si kwamba chakula hakina kazi. Maji yasiyo na chakula kabisa hayawezi kulisha mtu. Lakini chakula kikishatosha, ukizidisha mbolea hupati pete mpya juu. Unapata mwani mwingi zaidi chini. Mwani ukizidi mno huoza, maji hukosa hewa, na samaki hufa.

KWA NINI UKUBWA?

Zipo sababu tatu za kukumbuka.

Sababu ya kwanza ni nafasi na maficho. Samaki mla samaki anahitaji mahali pa kuwinda. Anayewindwa naye anahitaji mahali pa kukimbilia. Ziwa kubwa lina ufuko, matete, miamba, kina kirefu na maji ya wazi katikati. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu meta 1,470. Humo samaki wadogo hawawezi kumalizwa wote. Kwenye kidimbwi mwindaji atawamaliza, kisha naye atakufa kwa njaa.

Sababu ya pili ni wingi wa aina za viumbe. Mahali padogo huishi aina chache. Mahali pakubwa huishi aina nyingi, na kila aina ina riziki yake. Katika Ziwa Tanganyika vidudu hula mwani, dagaa hula vidudu, na migebuka hula dagaa. Pete moja ikikosekana, ya juu yake haina pa kushika.

Sababu ya tatu ni kudumu kwa maji. Hii sisi wa Dodoma twaijua vizuri. Mto Bubu humwaga maji yake katika mbuga za Bahi na Ziwa Sulunga. Mvua zikiwa nzuri, maji hutanda, na watu huvua perege na kambare. Ukame ukija, maji hurudi nyuma, na miaka mingine hukauka. Sasa nani huumia kwanza? Ni yule wa pete ya juu. Yeye ni mchache, anakula sana, na huchukua miaka kukua. Mwani na vidudu hurudi upesi mvua zinaponyesha. Perege huzaa haraka. Kambare naye ni mvumilivu. Anaweza kuvuta hewa ya juu na kustahimili kwenye matope yenye unyevu. Ndiyo maana mahali panapokauka mara kwa mara utawakuta hao, si samaki wakubwa wanaohitaji miaka mingi ya maji mengi.

Mtera ni kubwa kuliko Hombolo. Likijaa huwa na eneo la karibu kilomita za mraba 600. Hata hivyo, Ziwa Victoria ni kubwa zaidi ya mara 100 kuliko Mtera. Tena maji ya Mtera hupanda na kushuka. Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006 yalipungua sana, hata umeme nchini ukatolewa kwa zamu.

Lakini usikariri ukubwa peke yake. Tazama Ziwa Natron, kaskazini ya nchi yetu. Ni ziwa refu, lakini halina kina, na maji yake ni ya magadi makali. Viumbe wachache sana hustahimili. Huko ndege aitwaye heroe, mwenye rangi ya waridi, huinamisha kichwa na kuchuja mwani kwa mdomo wake. Mwani, kisha heroe. Mnyororo mfupi, ingawa ziwa si dogo. Kwa hiyo kumbuka mambo matatu pamoja: maji yawe mengi, yadumu, na yasiwe makali.

SANGARA NA FURU

Zamani sangara hakuwamo katika Ziwa Victoria. Alipandikizwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ziwa hilo lilikuwa na samaki wadogo waitwao furu, wa aina mamia. Kwa miaka mingi sangara hakuonekana sana. Ilipofika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla. Furu walipungua sana, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara akageukia kula dagaa, uduvi, na hata watoto wa sangara wenzake.

Ziwa lile ni kubwa, ndiyo maana sangara aliweza kuendelea kuishi hata baada ya kula furu wengi vile. Angewekwa kwenye bwawa la kijiji ingekuwaje? Angekula perege wote, wewe ukakosa mboga, kisha naye akose chakula. Basi akija mtu kijijini na kusema, “Tupandikize samaki mkubwa tupate nyama nyingi,” msikubali haraka. Muulizeni kwanza Afisa Uvuvi. Bwawa dogo hulipa kwa samaki wa pete za chini.

SUMU HUPANDA MNYORORO

Ndugu msomaji, hapa ndipo mganga anapoingia. Tumeona kwamba chakula hupungua kila pete. Sumu nyingine hufanya kinyume chake. Hizo huongezeka kila pete.

Kwa nini? Chakula hutumika mwilini kikaisha. Lakini zipo sumu ambazo mwili hauwezi kuzitumia wala kuzitoa upesi. Hukaa ndani ya mafuta ya mwili. Kidudu hula mwani mwingi, na sumu yote ya mwani ule hubaki kwake. Samaki mdogo hula vidudu vingi, akarithi sumu ya vyote. Samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi, akarithi ya wote. Mlaji wa mwisho hurithi mzigo wote.

Mfano wa kweli ulitokea katika ziwa liitwalo Clear Lake, huko California, Marekani. Watu walisumbuliwa na wadudu warukao. Mwaka 1949 walimwaga dawa ya jamii ya DDT ziwani. Walirudia mwaka 1954 na mwaka 1957. Walikuwa waangalifu. Dawa ilikuwa kidogo sana, kama sehemu 1 katika sehemu milioni 50 za maji. Walidhani kiasi hicho hakiwezi kudhuru kitu kingine.

Kisha ndege wa majini wanaokula samaki wakaanza kufa. Wataalamu walipopima mafuta ya ndege hao, walikuta sumu sehemu 1,600 katika kila sehemu milioni. Hiyo ni mara 80,000 ya ile iliyomwagwa majini. Hakuna aliyewanyunyizia ndege dawa. Ilipanda yenyewe, pete kwa pete, kutoka mwani hadi ndege. Kabla ya dawa jozi zaidi ya 1,000 za ndege hao zilikuwa zikitaga huko. Mwaka 1960 zilibaki karibu jozi 30.

Zebaki, ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, nayo hupanda vivyo hivyo. Kwa hiyo mnyororo ukiwa mrefu, sumu ya namna hii hupata ngazi ndefu ya kupandia.

Sisi tunalima zabibu, mahindi na mboga karibu na maji. Tunatumia dawa za wadudu. Dawa nyingi za siku hizi huoza upesi kuliko zile za zamani. Lakini nyingine huua papo hapo, hazingoji mnyororo. Wapo pia watu wanaomwaga dawa za shamba majini ili wapate samaki kwa urahisi. Huo si uvuvi. Huko ni kuua. Mwezi Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Wavuvi waaminifu wa Tanzania, Kenya na Uganda waliumia kwa makosa ya wachache.

SAMAKI GANI KWA MTOTO?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Walijifunza kwamba mtoto hajengwi kwa uji mtupu. Somo hilo halijapitwa na wakati.

Watu wengine hudharau dagaa. Husema ni chakula cha mtu asiye na kitu. Huko ni kukosa habari. Samaki mkubwa tunakula nyama na kutupa mifupa. Dagaa tunamla mzima, pamoja na mifupa yake. Ndani yake mna protini ya kujenga mwili, madini ya chokaa ya kuimarisha mifupa na meno, na madini ya chuma ya kuongeza damu. Tena yuko pete ya chini kuliko sangara, kwa hiyo sumu zinazopanda mnyororo hazijarundikana sana kwake.

Simaanishi kwamba sangara ni sumu. Sangara ni chakula kizuri, ukimpata mle. Ninachosema ni kwamba usingoje samaki mkubwa ndipo mtoto apate samaki.

Fanya hivi kwa mtoto aliyetimiza miezi sita:

1. Chagua dagaa wakavu wasio na ukungu wala harufu mbaya.
2. Waoshe kwa maji safi mara kadhaa mpaka mchanga uishe.
3. Waanike juani mahali pasafi, kisha wakaange bila mafuta mpaka wakauke vizuri.
4. Watwange na kuwachekecha upate unga laini.
5. Tia unga huo, kijiko kimoja, ndani ya uji wa uwele au mtama unaochemka. Koroga, uache uive.
6. Endelea kumnyonyesha mtoto. Uji haufukuzi maziwa ya mama.

Wakubwa nao waweza kula dagaa pamoja na mlenda na ugali. Perege wa bwawa la karibu naye ni mzuri, mradi apikwe akaiva.

TUYATUNZE MAJI YETU

Bwawa letu ni dogo, na mnyororo wake ni mfupi. Huo si upungufu. Mnyororo mfupi hutupa samaki wengi zaidi kwa mwani ule ule. Lakini maji machache yana udhaifu mmoja. Sumu inayoweza kupotea katika ziwa kubwa, ikiingia bwawani haina pa kwenda. Basi tushike haya:

Usioshe bomba la dawa bwawani, mtoni wala kisimani. Lioshee shambani, mbali na maji.

Usitumie chupa au galoni la dawa kwa maji, maziwa au mafuta ya kula. Litoboe lisitumike tena, na umwulize Bwana Shamba namna ya kulitupa.

Usinunue samaki waliokutwa wakielea wamekufa. Usiwape hata mbwa.

Usivue kwa nyavu zenye macho madogo zinazozoa watoto wa perege. Ukila mbegu, utavuna nini mwakani?

Acha majani na miti ikue kandokando ya bwawa. Udongo hautaporomoka, na bwawa halitajaa mchanga. Bwawa likijaa mchanga huwa dogo, na tumeona kwamba likiwa dogo hubeba viumbe wachache.

Mtu akiwa amekula samaki au kugusa dawa, kisha akatoka mate mengi, akatapika, akatetemeka, au akapumua kwa shida, mpelekeni zahanati mara moja. Msingoje kesho. Kama alishika dawa, bebeni na chombo chake tuone jina lake. Jina hilo hutusaidia sana kuchagua tiba.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja pete za mnyororo wa chakula katika bwawa lililo karibu na kijiji chako.
2. Kwa nini kilo 10 za dagaa hutoa kilo 1 tu ya sangara?
3. Maji ya Bahi yakikauka, samaki gani hurudi upesi? Kwa nini?
4. Nani kijijini huoshea bomba la dawa majini? Mtamweleza nini ili aelewe bila kugombana naye?

Swali la nne lisiishie darasani. Lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji, mlipatie jibu kabla ya msimu wa kupiga dawa kuanza.